Namugongo tarehe 3 Juni: mwongozo wa anayetoka Kisumu kwa mara ya kwanza

Kila mwaka Pasaka ikishapita tu, simu yangu huanza, watu wakiuliza juu ya hija ya Mashahidi wa Uganda kule Namugongo, karibu na Kampala. "Namugongo mnatoka lini?" "Pasipoti ni lazima?" "Nibebe ngapi?" "Ni kweli mnaenda kwa miguu?" Mimi nauza viatu vya mitumba hapa soko la Kibuye, Kisumu, na kabla ya hapo niliishi Kampala miaka minne, mtaa wa Kireka, pale ambapo mahujaji hupita karibu na mlango wako usiku na mchana ikifika mwisho wa Mei. Basi jumuiya yetu imenigeuza ofisi ya habari. Nimechoka kurudia, nimeandika mara moja. Ukiniuliza nitakutumia hii.

Historia nitaisema kwa kifupi, maana mengi utayasikia njiani. Tarehe 3 Juni 1886, Mwanga, Kabaka (yaani mfalme) wa Buganda, aliamuru Karoli Lwanga na Wakristo wenzake wachomwe moto Namugongo. Mashahidi wanaokumbukwa ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa sehemu mbalimbali kati ya 1885 na 1887. Wale 22 walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964. Kwa sababu hiyo viko vituo viwili: Basilika ya Wakatoliki, ile yenye umbo la msonge na nguzo 22, na kituo cha Waanglikana kule Nakiyanja, si mbali. Ukimwambia mtu wa boda "nipeleke Namugongo" bila kutaja kwa Wakatoliki au kwa Waprotestanti, atakushusha anapotaka yeye. Waislamu nao wana mashahidi wao hapo hapo Namugongo, waliouawa miaka ya 1870, enzi za Kabaka Mutesa wa Kwanza.

Jambo moja ulishike kabla hatujaanza: ile sikukuu ni hija na ni soko, vyote viwili, barabara moja, siku zile zile. Wengi wanaorudi wakilalamika walichanganya. Walifanya soko saa ya Misa, wakakosa Misa, na soko lenyewe likawanyoa.

Vitu vya kuwa navyo

Kitambulisho cha taifa. Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho, pasipoti si lazima. Kisiwe kimepasuka wala picha isiwe imefutika. Toa nakala mbili, moja ibaki kwa mwenzako.

Mtoto asiye na kitambulisho anahitaji pasipoti au hati ya safari. Nenda ofisi ya uhamiaji mapema, si wiki ya mwisho ya Mei. Kama hasafiri na mzazi wake, awe na barua ya wazazi.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hii ndiyo watu husahau. Chanjo huchukua siku 10 kabla ya kuhesabika, kwa hiyo kuchanjwa juzi na kusafiri leo hakukusaidii. Uzuri wake, ukichanjwa mara moja inatosha maisha yako yote.

Barua ya padre au mchungaji, kama mnaenda kama kikundi. Bila hiyo, parokia za njiani zitawauliza nyinyi ni akina nani, na wana haki ya kuuliza.

Viatu ulivyokwisha kuvizoea, soksi jozi nne, ndala za jioni. Leso mbili nzito au shuka, turubai jepesi la kulalia, sweta, koti la mvua. Tochi. Pawabenki. Chupa ya maji. Tishu, nyingi kuliko unavyofikiri. Dawa zako za kila siku, mafuta ya mgando, plasta, pakiti kadhaa za ORS, ule unga wa kuchanganya na maji wa kurudisha maji na chumvi mwilini.

Usibebe sufuria, kisu, cheni ya dhahabu, wala simu ya pili "ya kupiga picha". Kisu kitachukuliwa getini na cheni itachukuliwa kabla ya geti.

Hatua kwa hatua

1. Amua aina ya safari kufikia mwisho wa Aprili.

Kutoka Kisumu hadi Namugongo kupitia Busia ni kama kilomita 300. Wapo wanaozitembea zote. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa siku ni siku kumi, ukiongeza moja ya kupumzika ni kumi na moja, kwa hiyo hao hutoka karibu tarehe 20 Mei. Kama hujawahi kutembea hata kutoka Kisumu hadi Maseno, usianze na hiyo.

Njia ninayowashauri wageni ni ya katikati: panda gari hadi Jinja, kisha tembea kutoka hapo na kikundi. Ni kama kilomita 70, siku tatu bila kujiumiza, na ladha yote ya hija unaipata, uchovu, nyimbo, kulala darasani. Mwenye magoti mabaya apande gari hadi Mukono atembee kipande cha mwisho. Na anayetaka kwenda kwa basi moja kwa moja aende, hakuna anayetoa alama.

2. Zoeza miguu na viatu pamoja.

Hapa naongea kama fundi wa kazi yangu. Kila Mei wanakuja mezani kwangu watu wakitaka "kiatu cha Namugongo", na safari iko wiki ijayo. Nauza, maana ni biashara, lakini nawaambia ukweli: kiatu kipya kwa mguu wako ni kipya hata kama kilivaliwa Ulaya miaka miwili. Nunua mwezi mzima kabla. Chukua namba moja juu ya yako, kwa sababu mguu huvimba kufikia saa sita mchana. Ingiza kidole cha mkono nyuma ya kisigino. Kikipita bila kulazimisha, sawa. Kunja soli, inapokunjika iwe pale vidole vinapoanzia, si katikati ya mguu. Ikikunjika katikati, hicho ni cha kwendea harusini.

Kisha tembea. Jumamosi ya kwanza kilomita 8, ya pili 12, ya tatu 18, na viatu hivyo hivyo, na mkoba ule ule ukiwa na uzito wake. Barabara ya kwenda Kiboko hadi Dunga inatosha kuanzia.

Kosa la kawaida: kuvaa kandambili barabarani "kwa sababu bibi yangu alienda pekupeku". Bibi yako miguu yake ilikuwa imezoea tangu utotoni. Yako imezoea boda.

3. Vuka Busia kwa mlango wa mbele.

Matatu za Busia hutoka stendi kuu ya Kisumu, zinapita Maseno, Luanda, Yala, Ugunja, Bumala. Ondoka alfajiri ili uvuke kukiwa na mwanga. Ukifika utazingirwa na vijana wa boda. Mmoja atakwambia foleni ni ndefu, atakupitisha "huku nyuma" kwa shilingi kidogo. Kataa. Njia ya panya itakuvusha kweli, lakini utakuwa Uganda bila karatasi, na siku utakayoombwa karatasi hiyo utakuwa Iganga, mbali na yule kijana.

Mpaka wa Busia ni kituo cha pamoja. Anayekwenda Uganda anashughulikiwa na maofisa wa nchi zote mbili kwenye jengo moja, upande wa Uganda. Kwa hiyo usishangae ukipita upande wa Kenya bila kugongewa kitu, fuata watu. Toa kitambulisho, kadi ya chanjo, sema unakwenda hija Namugongo na unarudi tarehe fulani. Utapewa karatasi ya kuingilia. Itunze kama kitambulisho chenyewe, utaitaka kurudi nayo.

Kuna wazee hapa Kisumu ambao hawauiti huu mpaka. Wana hoja: mji wetu ulihesabiwa Uganda hadi 1902, na wamisionari wa Mill Hill walioanzisha misheni ya Kisumu mwaka 1903 walitokea huko. Lakini usimwambie hivyo ofisa wa uhamiaji.

Sasa pesa. Badilisha kiasi kidogo Busia, mchana, dukani, si kwa mtu aliyesimama na bunda mkononi. Shilingi yetu moja hupata kati ya 25 na 32 za kwao, inategemea mwaka na siku, kwa hiyo uliza sehemu mbili kwanza. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliona kijana anahesabu noti zangu haraka, moja, mbili, tatu, kidole gumba kikicheza. Nilihesabu naye kwa sauti na hesabu ikakubali. Nilipokaa kwenye gari nikaona: noti mbili zilikuwa zimekunjwa katikati, zikahesabiwa kila upande kama nne. Pokea, ziweke mezani moja moja, zinyooshe, hesabu mwenyewe. Akikasirika, mrudishie zake.

Hesabu ya haraka ya sokoni: ondoa sifuri tatu, zidisha kwa 35. Noti ya elfu kumi ya Uganda ni kama mia tatu na hamsini zetu. Bila hesabu hiyo utajiona tajiri kwa siku mbili.

4. Barabarani, tembea kwa akili.

Kule nako magari yanapita kushoto, kwa hiyo wewe tembea kulia, ukiyatazama yanakokuja. Mstari mmoja, si watatu watatu mkipiga soga. Wa mbele na wa nyuma wavae jaketi za kung'aa. Hii ni barabara ya malori ya mizigo ya Mombasa, na dereva aliyekesha hakuoni kama hung'ai.

Anzeni saa kumi na moja alfajiri mkiwa kundi, pumzikeni saa nne au tano jua likikaza, mwendelee saa kumi jioni hadi giza linapoingia. Msitu wa Mabira, baina ya Jinja na Lugazi, upiteni mchana, wote pamoja. Ndani yake pale Najjembe kuna soko la kandokando ya barabara ambapo vijana wenye makoti hukimbilia kila gari na mishikaki ya kuku na gonja, yaani ndizi za kuchoma. Nyinyi mnaotembea mtapata bei nzuri kuliko wa kwenye magari, kwa sababu hamna haraka na wanaliona hilo.

Wanaoanzia Busia watapita Bugiri na Iganga, ambayo ni nchi ya Busoga. Askofu James Hannington alipita kwetu Mumias mwaka 1885 akaenda kuuawa huko Busoga mwezi Oktoba, kabla hajafika kwa Kabaka. Kikundi chetu huwa kinasali hapo kwa dakika tano. Ni desturi yetu tu, si sharti.

Kula kidogo mara nyingi. Maji ya kuchemsha au ya chupa. Pakiti ya ORS kila alasiri, hata kama huharishi.

5. Fika kabla ya tarehe 2.

Lenga tarehe 31 Mei au 1 Juni. Ukifika tarehe 2 jioni utalala palipobaki, na palipobaki ni karibu na vyoo.

Kutoka barabara ya Jinja ingia Kireka au Bweyogerere, uende Kyaliwajjala, kisha kipande cha mwisho hadi Basilika. Maneno ya kukusaidia: wanachoita taksi ni matatu yetu, gari dogo la kukodi waliite "speshoo". Mwanamume mwite ssebo, mwanamke nnyabo, na uanze na salamu. Ukianza na "bei gani" bila salamu, bei hiyo itakuwa na adhabu ndani yake. Kiswahili kinasikika kwa wafanyabiashara wengi, ila wapo wazee wanaokikunjia uso kwa sababu walikisikia kwanza kwa wanajeshi. Usilazimishe.

Chagueni mahali pa kulala mkiwa na mwanga: pameinuka kidogo, maji ya mvua yasipite chini yenu, karibu na kitu kisichohama kama mti au nguzo ya umeme. Watu husema "tukutane kwenye hema jeupe". Mahema yote ni meupe.

6. Fanya soko tarehe 1, au tarehe 2 asubuhi.

Hapa ndipo nitakaa kidogo, samahani.

Kuanzia Kyaliwajjala hadi getini barabara hugeuka kichochoro cha maturubai. Rozari za mbegu, za plastiki na za mbao zimening'inizwa kama pazia, lazima uzisukume na kichwa kupita. Sanamu za Bikira Maria za saruji zimepangwa kwa urefu kama watoto wa shule. Mishumaa. Mikeka ya rangi iliyokunjwa na kusimamishwa kama milingoti. Magomesi, yale magauni marefu ya wanawake wa kule, yenye mabega yaliyochongoka. Vitu vya lubugo, ile nguo ya gamba la mti: kofia, mikoba, vifuko vya rozari. Mitumba, bila shaka. Moshi wa muchomo, yaani nyama choma. Kijana anakanda chapati, anakaanga mayai, anavikunja pamoja, hiyo ndiyo rolex na ni chakula kamili. Na vidumu. Vidumu vya nusu lita hadi lita ishirini, vyeupe na vya njano, vimefungwa kwa kamba mafungu mafungu, kwa sababu kila mtu atateka maji ya baraka na hakuna aliyekumbuka kubeba chombo.

Mchanganyiko huo unawakera wengine wetu. Mimi haunikeri. Soko kubwa la mitumba la Kampala, Owino, jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, Yosefu Mukasa Balikuddembe, shahidi wa kwanza kati ya wale Wakatoliki. Anayesema mashahidi na biashara havikai pamoja akaanze na kubadilisha jina la Owino.

Namna ya kununua:

Siku ya kwanza pita bila pesa mkononi, kutoka mwanzo hadi mwisho, uliza tu. "Ssente mmeka, nnyabo?" yaani ni pesa ngapi, mama? Sikiliza bei tatu za kitu kimoja. Rudi kwa aliyekuwa wa katikati na aliyekuangalia usoni. Mwambie "nsalirako," nipunguzie, halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakoshusha bei. Akisema "weebale", asante, na kugeukia mteja mwingine, umefika chini, lipa.

Kidumu nunua mapema au beba chupa yako kutoka Kisumu. Asubuhi ya tarehe 3 bei yake hupanda kama maji yenyewe yanauzwa. Vitu vizito, mikeka na sanamu, vinunuliwe ama tarehe 1 na kuachwa kwa mlinzi wa mizigo wa kikundi, ama tarehe 3 jioni wakati muuzaji anatazama mzigo wake na kuwaza jinsi ya kuurudisha nyumbani. Saa hiyo hata sanamu hupunguzwa bei.

Lipa kwa noti ndogo. Noti ya elfu hamsini usiitoe hadharani. Pesa ya siku iwe mfuko wa mbele, nyingine ishonewe ndani ya nguo. Kibandani M-Pesa yako haitasaidia; wao wanatumia pesa za mitandao yao.

Onyo ninalolitoa kwa aibu: mwaka wangu wa kwanza kama mkazi wa Kireka nilijiona mwenyeji. Nikanunua mkeka mkubwa na vidumu vitatu saa moja asubuhi ya tarehe 3, nikielekea Misa. Getini askari akanitazama, akatazama mkeka, akatingisha kichwa. Nikazunguka kutafuta pa kuuweka. Kila nikigeuka ncha yake ilimgonga mtu. Mama mmoja aliyetembea kutoka Mbarara, ndala zimefungwa shingoni na miguu imevimba kama mihogo, alipigwa na mkeka wangu sikioni. Hakunitukana. Aliniambia, kwa Kiingereza cha polepole, nikae naye nje, tusikilizie spika. Misa nzima niliisikiliza hapo, nimekalia mkeka na yeye, miguu yake ndani ya beseni la maji. Mkeka nilimwachia.

7. Usiku wa tarehe 2 usikeshe wote.

Kuna mkesha, ngoma, kwaya. Utakaposikia spika ikisalimia mahujaji wa Kenya mtapiga kelele, pigeni. Lakini gawaneni zamu: wengine mkesheni, wengine walale juu ya mizigo. Na wote mpate hata saa nne za usingizi, kwa sababu kesho ni kusimama. Jazeni simu chaji sasa. Katika umati ule mtandao hulemewa na simu haziingii.

8. Tarehe 3 yenyewe: beba vitu vinne tu.

Kitambulisho, maji, kofia, leso ya kukalia. Basi.

Ingia foleni ya ukaguzi kabla jua halijatoka. Nenda choo kwanza, hata kama hutaki. Misa kuu huanza kama saa nne asubuhi na huwa ndefu. Madhabahu iko kwenye kile kisiwa kilichozungukwa na ziwa dogo la kuchimbwa. Wageni ambao hawajazoea hukimbilia karibu na ziwa kabisa. Mimi nakushauri ukae pembeni, juu kidogo, karibu na njia. Kutoka hapo utaona vizuri zaidi, na ukizidiwa na jua watakutoa kwa urahisi. Mwavuli acha, unamziba mwenzako.

Viongozi wakubwa wa serikali huhudhuria, kwa hiyo barabara hufungwa kwa magari ya kawaida. Panga kutembea kutoka Kyaliwajjala.

Maji ya baraka: usiyakimbilie mara tu baraka ya mwisho ikitolewa, ndipo watu husukumana. Subiri kwa muda wa saa mbili hivi. Na nyumbani, kabla ya kumpa mtoto ayanywe, yachemshe.

9. Kurudi.

Kama unaweza, lala usiku mmoja zaidi. Kama huwezi, usiingie katikati ya Kampala kutafuta basi, utakaa kwenye foleni ya magari hadi usiku. Tembea hadi Kyaliwajjala, shuka Kireka, panda gari la kwenda Busia hapo hapo barabara ya Jinja.

Kabla ya mpaka, toa vitu kwenye kaveera. Hiyo ni mifuko ya plastiki, na kule bado watakufungia kila kitu ndani yake. Kwetu imepigwa marufuku tangu Agosti 2017 na utaambiwa uiache. Hamisha kila kitu kwenye kikapu au gunia. Ukinunua vya kuuza, si zawadi, sema ukweli forodhani: bidhaa zilizotengenezwa Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zina cheti chake rahisi cha wafanyabiashara wadogo. Rozari hamsini ni biashara, hakuna mwenye shangazi wengi hivyo.

Mambo yakiharibika

*Umepotea na kikundi.* Usizunguke. Nenda mahali mlipokubaliana, na kama hamkukubaliana, nenda kwenye meza ya matangazo useme parokia yako na kaunti yako. Tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga; hupenya mtandao ukiwa mzito.

*Malengelenge.* Usitoboe kwa mwiba wala sindano ya mtu. Osha, kausha, funika kwa plasta, badili soksi. Likipasuka lenyewe, acha ngozi ya juu ibaki. Mguu ukiwa mwekundu na wa moto kupanda juu, hija yako ya miguu imeishia hapo, tafuta hema la huduma ya kwanza na gari.

*Kitambulisho kimepotea.* Nenda polisi upate karatasi ya kuripoti, uiambatanishe na ile nakala aliyonayo mwenzako. Dawa ya mambo haya ni subira: mpakani utaulizwa maswali mengi, jibu yale yale kila mara.

*Umeibiwa simu.* Azima, piga nyumbani laini ifungwe kwanza, machozi baadaye. Namba tatu muhimu ziwe zimeandikwa kwenye karatasi ndani ya kiatu.

*Pesa zimeisha.* Mwambie kiongozi wa kikundi mapema. Mtu wa nyumbani anaweza kutuma kutoka M-Pesa hadi laini ya MTN ya Uganda ya mtu mnayemwamini, mara nyingi padre au mwenye nyumba mliyolala. Si laini ya yule rafiki uliyekutana naye leo.

*Tumbo.* ORS, uji, hakuna muchomo kwa siku mbili. Damu au homa kali, daktari.

*Mvua usiku.* Ndiyo maana nilisema pameinuka.

*Umefika nyumbani na miguu imevimba.* Inyanyue juu ya ukuta dakika ishirini, maji ya chumvi ya uvuguvugu, siku tatu utakuwa sawa. Na vile viatu ulivyotembelea usiniletee Kibuye. Sinunui.